Kuchezwa, Kucheza, Kuolewa: Msichana Mcheza Ngoma na Kijana Mhuni katika Historia ya Waswahili

1. Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo, vikipangwa kwa mfuatano, vinaeleza safari ya msichana wa pwani tangu anapovunja ungo hadi anapoingia katika nyumba ya mume. Kwanza mwali 'huchezwa'. Kitenzi kipo katika kauli ya kutendwa, na watendaji ni somo, kungwi na wanawake wazima waliokusanyika unyagoni. Baadaye, kama amebahatika kuruhusiwa au amejasiri kujiruhusu, msichana huyo 'hucheza', nacho kitenzi ni cha kutenda. Hatimaye 'huolewa', na sarufi inamrudisha katika kauli ya kutendwa. Kwa mvulana mpangilio ni mwingine. Yeye hutiwa jandoni, lakini akishatoka huko hucheza na huoa, na lugha haimwondoi tena katika kauli ya kutenda.

Mhadhara huu unahusu nafasi fupi iliyo kati ya kuchezwa na kuolewa, yaani miaka ambayo msichana alikuwa mcheza ngoma au mcheza dansi kwa hiari yake. Unahusu pia mvulana aliyekutana naye katika nafasi hiyo, ambaye mara nyingi jamii ilimwita mhuni. Hadithi ya mapenzi baina ya kijana aliyepotoka na msichana mchezaji mwenye ndoto kubwa inajulikana sana leo kwa njia ya filamu. Mfano mmoja mashuhuri ni filamu ya Kimarekani Step Up ya mwaka 2006. Humo kijana aitwaye Tyler anafanya uharibifu katika shule ya sanaa mjini Baltimore, anapewa adhabu ya kuitumikia shule hiyohiyo, na huko anakutana na Nora, msichana anayejiandaa kwa onyesho litakaloamua mustakabali wake wa uchezaji. Mapenzi yanamponya kijana, na ustadi wa kijana unamsaidia msichana kufika jukwaani. Matakwa ya wawili hao yanaelekea upande mmoja.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani kuwa hadithi ya namna hiyo ni ngeni kwake na kwamba imeletwa na kanda za video. Historia ya ngoma haikubaliani na dhana hiyo. Kijana asiye na makao na msichana mwenye kipaji wamekuwa wakikutana uwanjani katika miji ya Waswahili kwa zaidi ya karne moja. Tofauti iko katika mwisho wa hadithi. Kwa Waswahili, jambo ambalo kijana alilihitaji ili ahesabiwe kuwa mtu mzima, yaani ndoa, mara nyingi ndilo lililofunga mlango wa jambo alilolihitaji msichana, yaani jina katika ngoma. Hoja ya mhadhara ni kwamba mgongano huu haukutokana na tabia mbaya ya vijana. Ulijengwa na mahari, mshahara, sheria za mji na maana za maneno yenyewe.

2. Maneno na uzito wake

Neno 'ngoma' hutaja chombo, mchezo na tukio zima kwa pamoja. Mtu hupiga ngoma, hucheza ngoma na huenda ngomani. Kwa sababu hiyo, katika Kiswahili si rahisi kumtenga mchezaji na mkusanyiko wake. Msichana aendaye ngomani haendi kuonyesha sanaa tu. Anaingia katika chama, katika mashindano, katika macho ya watu na katika usiku.

Majina ya mtenda nayo yanafaa kuchunguzwa. Umbo 'mcheza ngoma' limejengwa kwa kiambishi cha ngeli na kitenzi chenye kiishio -a, na huhitaji yambwa yake ili likamilike. Linataja tendo na aina yake, bila kudai kuwa tendo hilo ni kazi ya kudumu. Umbo lenye -ji, yaani 'mchezaji', hudokeza mazoea au taaluma. Katika matumizi ya karne ya 20, neno hili lilizoeleka zaidi kwa upande wa kandanda, uwanja wa vijana wa kiume. Msichana wa ngoma alingoja muda mrefu kupata jina lenye kiishio hicho. Alilipata katika bendi za dansi za mwishoni mwa karne hiyo, alipoitwa 'mnenguaji'. Neno hilo linakiri kuwa kunengua ni kazi yenye ujira, lakini linaitaja kazi hiyo kwa mtikisiko wa kiuno peke yake. Sarufi ilimpa taaluma huku semantiki ikimnyima heshima.

Kwa upande wa mvulana, neno zito ni 'mhuni'. Kamusi za zamani, ikiwemo ile ya Kiswahili Sanifu iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939, zinalihusisha na mtu anayetangatanga, asiye na makao wala shughuli ya kueleweka. Katika mzizi wake mna pia maana ya kutotimiza wajibu. Maana ya uasherati na ukorofi imeota juu ya hiyo. Kwa hiyo mhuni, katika maana ya msingi, ni mtu asiyefungamana: hana mji wake, hana tajiri wake, hana mke. Tafsiri hii ni muhimu kwa sababu inaonyesha kwamba dawa iliyofikiriwa kumfaa mhuni ilikuwa kufungamanishwa. Ama afanye kazi, ama arudishwe kwao, ama aoe. Katika dawa hizo tatu, ya mwisho ilimhusu msichana moja kwa moja.

3. Mwali, somo na lelemama

Miongoni mwa maelezo ya awali na mapana kuhusu maisha haya ni yale ya Mtoro bin Mwinyi Bakari katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten nchini Ujerumani mwaka 1903. Mtoro, mwenyeji wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin, alizipa ngoma nafasi kubwa pamoja na unyago, posa, mahari na arusi. Mpangilio wa mada zake unafundisha jambo. Ngoma haikuwa burudani iliyowekwa kando ya maisha. Ilikuwa mahali ambapo daraja za watu zilipimwa, kugombewa na kutangazwa. Jonathon Glassman, katika utafiti wake wa mwaka 1995 kuhusu miji ya mrima, ameonyesha namna karamu na ngoma zilivyotumiwa na watu wa daraja za chini kudai uenyeji na heshima mwishoni mwa karne ya 19.

Madai hayo yalipata nguvu mpya utumwa ulipoanza kufutwa kisheria. Zanzibar ilitoa amri ya kuufuta mwaka 1897. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Kwa wasichana waliozaliwa na wazazi waliokuwa watumwa, uhuru ulikuwa na sura mbili. Waliweza sasa kuvaa, kutembea na kujiunga na vyama kwa namna ambayo mama zao hawakuweza. Wakati huohuo, alama kubwa ya uungwana kwa mwanamke ilikuwa kukaa ndani. Msichana aliyetaka kuhesabiwa muungwana alipaswa asionekane, ilhali aliyetaka kujulikana kwa ngoma alipaswa aonekane.

Lelemama ilikuwa jibu mojawapo la mkanganyiko huo. Ilikuwa ngoma ya wanawake, iliyochezwa kwa mistari na kwa utulivu, ikiongozwa na vyama vyenye viongozi, vyeo, sare na wapinzani. Margaret Strobel, aliyeandika historia ya wanawake Waislamu wa Mombasa mwaka 1979, ameeleza kwa kina vyama vya mji huo, vikiwemo Ibinaal Watan na Banu Saada vilivyoshindana kwa nyimbo, mavazi na karamu. Ndani ya vyama hivyo mwanamke aliweza kupanda cheo kwa juhudi yake, na nyimbo zao ziliweza kumwumbua mtu aliyevunja miiko. Pia ni kupitia wanawake wenye asili ya utumwa kwamba mafunzo ya makungwi yalienea hadi kwa mabinti wa nyumba za waungwana.

Faida ya lelemama kwa msichana ilikuwa kwamba aliweza kucheza bila kuchanganyika na wanaume. Hata hivyo, ulinzi huo haukuondoa lawama. Gharama za mashindano zililalamikiwa, na familia zilizojiona bora zilichukizwa na binti zao kuhudhuria. Mvulana alisimama nje ya duara, akitazama au akisikiliza kwa mbali. Mapenzi yaliyozaliwa hapo yalikuwa ya jicho na ya ujumbe, na mpatanishi alikuwa aghalabu mwanamke mzima. Ndiyo maana somo ana nafasi kubwa katika historia hii. Alikuwa mwalimu wa msichana katika siri za ndoa, na mara nyingi alikuwa yuleyule aliyempeleka ngomani. Kamba ya kumfunga na ufunguo wa kumfungulia vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja.

4. Beni, dansi na njaa ya utu uzima

Wavulana nao walikuwa na uwanja wao. Beni ilizuka katika pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikiiga gwaride, vyombo na vyeo vya kijeshi. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameifuata ngoma hiyo kutoka pwani hadi bara, kupitia askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mpaka Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo. Huko Tanganyika vyama vya Marini na Arinoti viligawana wafuasi. Marini walijinasibu na uungwana na elimu, na Arinoti walihusishwa zaidi na watu wa kazi ngumu na wageni mjini. Kijana asiye na cheo chochote mbele ya mwajiri aliweza kuwa jenerali au kaiza siku ya ngoma. Watawala walipoona vyeo hivyo walishuku siasa. Walichokuwa wakikitazama kilikuwa pia kiu ya vijana kutambuliwa kuwa watu wazima katika mji ambao haukuwapa njia nyingine.

Kufikia miaka ya 1930 beni ilianza kufifia mijini na nafasi yake kuchukuliwa na dansi. Santuri za muziki wa Kikuba zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki, na bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianza shughuli zake katika miaka hiyohiyo. Dansi ilileta badiliko moja kubwa kuliko gitaa na tarumbeta. Iliwaweka mvulana na msichana ana kwa ana, mkono kwa mkono, kama wawili. Ngoma za pwani zilikuwa zimepanga watu kwa vyama, jinsia na rika. Dansi ilipanga watu kwa jozi. Kwa mara ya kwanza mbele ya hadhira ya mji, mapenzi ya vijana wawili yalikuwa na umbo la kuonekana.

Lakini jozi ile haikuwa sawa. Mvulana alihitaji kiingilio, viatu na suti. Msichana alihitaji ruhusa, na akiikosa alihitaji uongo. Mvulana aliyecheza dansi vizuri aliitwa mstaarabu. Msichana aliyecheza vizuri vilevile aliulizwa alijifunzia wapi. Emily Callaci, katika makala yake ya mwaka 2011 kuhusu kumbi za dansi za Tanganyika, ameonyesha jinsi suala la nani anastahili kuingia ukumbini lilivyofungamana na mijadala ya heshima, mavazi na mwenendo wa wanawake.

Nyuma ya kumbi hizo kulikuwa na uchumi. Mahari ilidai fedha taslimu, na ujira wa kibarua haukutosha kuikusanya upesi. Kijana angeweza kuwa na umri wa kuoa na asiwe na uwezo wa kuoa kwa miaka mingi. Wimbo wa Malaika, ambao utunzi wake umegombewa na zaidi ya mtu mmoja, umeenea dunia nzima kwa kubeba masikitiko ya namna hiyo: kijana anapenda, lakini fedha zinamshinda. Ni vema kuzingatia kuwa wimbo huo umesikilizwa kwa miongo mingi kutoka upande wa kijana. Malaika mwenyewe hasemi neno.

Sheria ziliongeza uzito. Kupiga ngoma mjini kulihitaji kibali. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, na misako ya wahuni mjini Dar es Salaam iliendelea katika miaka ya 1950. Andrew Burton ameieleza historia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2005. Kijana aliyekamatwa kwa kukosa kazi alirudishwa kwao, na msichana aliyekuwa akimsubiri ukumbini hakupata taarifa. Hivyo uhuni, ambao ulikuwa hali ya kiuchumi, ulifanywa kuwa kosa. Mapenzi ya mjini nayo yakawa kitu kinachoweza kukatwa na karani wa wilaya.

Si wavulana wote waliokubali kupangiwa. Maisha ya Salum Abdallah, mwanzilishi wa bendi ya Cuban Marimba ya Morogoro mwaka 1948, husimuliwa kama maisha ya kijana aliyegombana na matakwa ya wazazi. Inaelezwa kwamba alitoroka nyumbani hadi Mombasa akitarajia kupanda meli ya kwenda Kuba. Hakufika Kuba, bali aliileta Kuba Morogoro, na mpaka kifo chake mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa watunzi wa mapenzi waliopendwa mno nchini. Kwa mvulana, kutoroka kungeweza baadaye kusimuliwa kama mwanzo wa usanii. Swali ni je, msichana aliyetoroka alisimuliwaje?

5. Wasichana waliokataa kurudi ndani

Wapo wachache ambao majina yao yamesalia. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Aliolewa mapema na ndoa ikavunjika. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza uimbaji na kuunda kundi pamoja na wanamuziki wa kiume. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950. Yeye alikuwa mwimbaji kuliko mchezaji, lakini njia aliyoipasua ilikuwa ileile: kutoka shamba, kutoka ndoa, kuingia mbele za watu.

Nyimbo zake zilijua hatari ya njia hiyo. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Zanzibar baada ya utumwa, ameuchambua wimbo wa Kijiti, unaohusu mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyetoka naye kwenda starehe. Muuaji alitorokea bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliohusishwa na matembezi yale. Kwa wasikilizaji wa Siti, wimbo huo haukuwa onyo kwa wasichana peke yao. Ulikuwa pia mashitaka dhidi ya mahakama iliyoshindwa kumfikia mwanamume na ikamalizia hasira kwa wanawake. Hapa panaonekana jambo lililokuwa hatarini katika historia nzima ya msichana na ngoma. Kutoka kwenda starehe kulihesabiwa kuwa sehemu ya kosa, hata pale msichana alipokuwa yeye ndiye aliyekufa.

Fatuma binti Baraka, maarufu Bi Kidude, alifuata nyayo hizo kwa namna yake. Simulizi za maisha yake hueleza kwamba akiwa msichana mdogo alikimbia Unguja kwenda bara ili kuepuka ndoa aliyolazimishwa. Aliendelea kuimba na kupiga ngoma hadi uzeeni, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Kubwa zaidi kwa hoja ya mhadhara huu ni kwamba alikuwa pia mwalimu wa unyago. Aliwacheza wali wengi na kuwatayarisha kwa ndoa ambayo yeye mwenyewe aliikimbia. Wengine wameona ukinzani hapo. Inawezekana pia kuona uendelevu: mwanamke aliyejua gharama ya kuolewa bila kujiandaa aliwapa mabinti wa wenzake maarifa ya kujilinda.

Bara, Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, aliwekwa ndani alipovunja ungo na akaozwa angali kijana. Baadaye akawa mwimbaji mkuu wa kundi la ngoma liitwalo Bomba mjini Dar es Salaam. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, mtandao wa vikundi vya ngoma vya wanawake ukawa mojawapo ya njia alizozitumia kuwaandikisha wanachama. Susan Geiger, katika kitabu chake cha mwaka 1997, amesisitiza kuwa wanawake hao hawakufundishwa utaifa na wasomi. Walikuwa na jumuiya zao zilizovuka makabila kabla ya chama kuwafikia. Kwa maneno mengine, nafasi fupi kati ya kuchezwa na kuolewa, iliyodharauliwa kama muda wa mchezo, ilikuwa imezaa uongozi.

6. Uhuru na vijana wasiofaa

Tarehe 10 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Rais Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara iliyounganisha utamaduni wa taifa na vijana. Katika hotuba yake alisikitika kwamba watu walijivunia kujua rumba na chachacha huku wakiwa hawazijui ngoma za kwao, na lelemama ilikuwa miongoni mwa alizozitaja. Kuunganishwa kwa mambo hayo mawili katika wizara moja kulikuwa na maana. Taifa lilimkabidhi kijana jukumu la kuokoa ngoma, na wakati huohuo likaifanya ngoma kuwa kipimo cha kijana. Kwa hiyo msichana mcheza ngoma, ambaye jana alikuwa aibu ya ukoo, sasa angeweza kuwa fahari ya nchi, mradi acheze ngoma iliyochaguliwa, mahali palipochaguliwa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kufanywa taasisi ya TaSUBa mwaka 2007, ndicho kilichokuja kumpa msichana wa namna hiyo darasa, mwalimu na cheti.

Aliyependa dansi hakupata upole huo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1, 1969, dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na mengineyo. Siku za tangazo hilo, vijana wa kiume waliwavamia wasichana kwenye mabasi eneo la Kariakoo. Mwaka 1969 muziki wa soul nao ulipigwa marufuku mjini Dar es Salaam. Andrew Ivaska, katika kitabu chake cha mwaka 2011, ameonyesha kwamba nyuma ya kampeni hiyo kulikuwa na uchungu wa vijana wasio na fedha, walioamini kuwa wasichana wa mjini wanawapendelea wenye magari na vyeo. Hapa ndipo hadithi ya mhuni na mchezaji inapogeuka kuwa ya kutisha. Kijana aliyekuwa ameitwa mhuni na dola alipata kitambaa cha mkononi na ruhusa ya kumwita msichana mhuni. Umaskini uliomzuia kuoa ulitafutiwa mkosaji, na mkosaji akawa ni yule aliyependeza.

7. Fasihi ilivyowatazama

Riwaya za miaka iliyofuata zilirithi mzigo huu. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), msichana anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na ulinzi huo uliopita kiasi ndio unaomwacha bila uzoefu mbele ya uhuru wa ghafla. Mwisho wake ni kifo. Kitabu hicho kilizuiwa shuleni kwa muda, jambo linaloonyesha jinsi mada ilivyogusa kidonda. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna aliyefungiwa ndani na baba yake Maksuudi anatoroka na kuzama katika maisha ya baa, kabla ya kupata utulivu kwa Kabi. Waandishi wote wawili wanawalaumu wazazi, na kwa hilo wanastahili sifa. Hata hivyo muziki na dansi katika kazi hizo ni alama ya kuanguka. Msomaji hakutani na msichana anayecheza kwa kuwa anajua kucheza na anataka kujua zaidi.

Ndiyo maana Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert unasimama peke yake. Mwandishi huyo aliyeheshimiwa kwa maadili yake aliamua kumwandikia mwimbaji wa kike wasifu wa heshima, na akaupima ukuu wake kwa bidii na kipaji. Hakumfanya Siti kuwa onyo. Alimfanya kuwa kielelezo. Kwa bahati mbaya, njia hiyo haikufuatwa na wengi. Wacheza lelemama wa Mombasa, wasichana wa kumbi za Morogoro na Tabora, na wanenguaji wa bendi za miaka ya 1990 hawajapata wasifu wao.

8. Hitimisho

Historia iliyopitiwa inaruhusu kusema mambo matatu. Kwanza, mapenzi baina ya kijana aliyepotoka na msichana mchezaji si hadithi ya kuazima. Yana makao yake katika miji ya Waswahili, na yameacha alama katika nyimbo, riwaya na msamiati. Pili, upotofu wa kijana ulikuwa kwa sehemu kubwa jina la umaskini wake, na ubaya wa msichana ulikuwa jina la kuonekana kwake. Tatu, wawili hao hawakushindwa kwa kukosa mapenzi. Walishindwa kwa sababu utu uzima wa mmoja ulikuwa umewekwa juu ya kunyamaza kwa mwingine.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kazi iliyobaki ni ya uwandani na ina haraka. Wanawake waliocheza dansi wakiwa wasichana katika miaka ya 1950 na 1960 sasa ni wazee sana. Istilahi za mavazi, hatua, mitindo na vyama walivyovijua hazimo katika kamusi nyingi, na sauti zao hazimo katika santuri zilizohifadhi malalamiko ya wavulana waliowapenda. Kiswahili kinacho tayari kitenzi kinachowafaa, nacho ni cha kutenda. Inafaa kiandikwe pamoja na majina yao kabla wenyewe hawajaondoka.